Mwezi ukipatwa huku unatua: usisubiri wekundu

Alfajiri ya Mei 16, 2022 nilikuwa Forodhani, Unguja, darubini nimeielekeza baharini upande wa bara. Saa 11 na dakika 28 kivuli cha dunia kikaanza kuumega mwezi, na kikaanzia juu. Mzee mmoja aliyekuwa anatoka msikitini akasimama kando yangu, akautazama kitambo, kisha akauliza: "Mwanangu, mbona huo wekundu siuoni?"

Swali hilo naulizwa kila mwezi unapopatwa karibu na mapambazuko. Wekundu ule ambao mwezi huwa nao ukipatwa ni mwanga wa jua uliopenya pembezoni mwa angahewa ya dunia, ukapinda na kuuangukia mwezi. Ni hafifu mno. Mwezi ukiwa utosini usiku wa manane utauona bila shida. Ukishainama magharibi, kwanza anga lenyewe linakucha. Pili, kuna hewa. Mwezi ukiwa nyuzi 10 tu juu ya upeo wa macho, mwanga wake unapita kwenye hewa karibu mara sita ya ile ya utosini. Ukigusa upeo, ni kama mara 38, na humo mna vumbi, moshi na mvuke wa bahari. Ndiyo maana sehemu iliyoingia kivulini haionekani nyekundu. Inafifia tu hadi inafanana na anga, na wengi hudhani ni wingu limepita. Ile sehemu yenye mwanga nayo huwa ya rangi ya chungwa, lakini hiyo ni kazi ya hewa. Utaiona hata siku mwezi haujapatwa.

Nikamwambia, "Shikamoo mzee, usitafute rangi. Tazama umbo." Akainama kwenye darubini. Kufikia saa 12 na dakika 10 kilichobaki ni kipande chembamba upande wa chini, kingo zake zikitetemeka kama kitu kilicho chini ya maji. Ukingo wa kivuli ulikuwa wa mviringo, na mviringo ule ni wa dunia yetu. Huhitaji rangi yoyote kuuona.

Halafu nikamwonyesha kitu ambacho naona watu wanakikosa mno. Anga likiwa safi, dakika chache kabla jua halijachomoza, magharibi hutokea mkanda wa kijivu cha buluu chini, na juu yake waridi hafifu. Ule mkanda wa kijivu ni kivuli cha dunia kikiwa kimeangukia hewa yetu wenyewe. Kivuli hichohicho kinaendelea hadi angani, kilomita laki kadhaa, na ndicho kinachoumega mwezi. Siku ya kupatwa, mwezi unazama ndani ya mkanda ule mbele ya macho yako. Mwezi wa utosini haukupi hilo hata siku moja, na kwangu mimi linatosha kumtoa mtu kitandani.

Mwezi ulifunikwa wote saa 12 na dakika 29, dakika chache baada ya kutua kwetu. Kigoma, iliyo karibu nyuzi 10 za longitudo magharibi mwa Unguja, mwezi hutua kama dakika 40 baadaye, kwa hiyo huko ulifunikwa wote ukiwa bado juu ya milima ya Kongo.

Nafasi nyingine ya aina hii ni Agosti 28, 2026. Kivuli kitaanza kuumega mwezi saa 11 na dakika 33 alfajiri, na kilele ni saa 1 na dakika 13 asubuhi, ambapo asilimia 93 ya kipenyo cha mwezi itakuwa kivulini. Pwani hatutakifikia kilele: Unguja na Dar es Salaam mwezi utatua mnamo saa 12 na dakika 25, ukiwa umemegwa zaidi ya nusu. Kigoma watakikaribia sana, milima ya ng'ambo ikiwaruhusu.

Wa Dar es Salaam, tafadhali msiende ufukweni. Bahari yenu iko mashariki, mwezi unatua bara. Tafuteni ghorofa au kilima kinachoona magharibi bila majengo wala miti. Nendeni alfajiri ya siku iliyotangulia mkaone mwezi unaelekea wapi; siku ya pili utatua karibu hapohapo, nyuzi chache pembeni, kama dakika 50 baadaye. Macho matupu yanatosha, na mwezi hauhitaji miwani maalumu. Ila jua likishachomoza nyuma yenu, darubini isigeuzwe kulielekea kabisa.