Mabondia bora wa uzito wa kati: orodha hiyo hupima nini

Mtu akipanga "mabondia bora wa wakati wote katika uzito wa kati", anachohesabu ni kazi ambayo bondia aliifanya akiwa ndani ya uzito huo peke yake. Alichofanya akiwa mwepesi zaidi au mzito zaidi kinabaki nje, hata kama ndicho kilichompa jina. Jambo hili ndilo husahaulika kwenye vibanda umiza vya Mwanjelwa na Soweto hapa Mbeya, na nina hakika hata Ipogolo kule Iringa hali ni hiyohiyo. Mmoja anamtaja bondia maarufu, wa pili anamtaja aliyebeba mikanda ya uzito tofauti, wa tatu anamtaja mwenye konde zito. Kila mmoja ana hoja, lakini wanajibu maswali matatu tofauti, kwa hiyo ubishi hauishi.

Kuna orodha nyingine inayochanganywa na hii: ile ya bora bila kujali uzito. Hapo unajiuliza, kama mabondia wote wangekuwa na kilo sawa, nani angekuwa juu? Swali hilo linajibiwa kwa kukisia. Orodha ya uzito mmoja ina faida kwamba watu wake walipanda mizani ileile, na mara nyingi walipigana wenyewe kwa wenyewe.

Kwenye ngumi za kulipwa, uzito wa kati unaishia pauni 160, sawa na kilo 72.57. Pambano likiwa la ubingwa, hakuna ziada inayosamehewa. Aliyezidi hawezi kuuchukua mkanda hata akishinda. Juni na Julai, baridi ya Mbeya ikiwa imekaza, utawaona vijana wa ngumi alfajiri kwenye barabara ya kwenda Uyole wamevaa koti juu ya koti, nailoni ndani, wakilitafuta jasho. Anayedaiwa nusu kilo siku ya kupima uzito husukutua maji mdomoni na kuyatema. Ni kazi ngumu na ya hatari, na anayepanga orodha hii lazima aiheshimu, kwa sababu kukaa ndani ya pauni 160 miaka saba au kumi ni kipaji kinachojitegemea.

Lakini namba ileile haikumaanisha kitu kilekile nyakati zote. Zamani bondia alipima siku yenyewe ya pambano. Siku hizi anapima siku moja kabla, halafu anakula na kunywa, na anapanda ulingoni akiwa amezidi kilo kadhaa. Mkulima wa viazi wa Njombe ataelewa haraka: ni lumbesa, gunia linaloitwa moja huku juu limeongezewa. Tena, zamani kulikuwa na madaraja manane tu ya uzito, leo yako kumi na saba au zaidi. Kabla ya daraja la super welter la pauni 154 kuanza mwaka 1962, mtu aliyezidi pauni 147 kidogo tu alilazimika kuingia uzito wa kati na kukutana na watu wa pauni 160 kamili. Daraja la super middle la pauni 168 nalo lilikuja miaka ya 1980. Kwa hiyo wa kati wa zamani walipigana kwenye uwanja mpana zaidi, na ushindi wao una uzito wake wa ziada.

Mfano unaoonyesha vizuri maana ya dhana hii ni Sugar Ray Robinson wa Marekani. Wengi wanamweka wa kwanza kwenye orodha ya bila kujali uzito, nami nakubaliana nao. Lakini Robinson aliyekuwa hakamatiki ni yule wa pauni 147, ambako alikuwa bingwa tangu 1946. Kwenye uzito wa kati aliutwaa ubingwa mara tano, kuanzia Februari 1951 alipomsimamisha (yaani alimshinda kabla raundi hazijaisha) Jake LaMotta mjini Chicago. Mara tano ni fahari, ila hesabu hiyo ina upande wa pili. Ili uutwae mara tano lazima uwe umeuachia katikati. Mara moja aliuacha kwa kustaafu, mara nyingine alipigwa: na Randolph Turpin jijini London mwaka huohuo wa 1951, na Gene Fullmer na Carmen Basilio mwaka 1957, kisha Paul Pender mwaka 1960. Kila mara isipokuwa ya mwisho alirudi akauchukua, na kurudi huko ni ukubwa wa aina yake. Hata hivyo, tukipima kazi ya ndani ya pauni 160 tu, simweki wa kwanza.

Wa kwanza kwangu ni Carlos Monzón wa Argentina. Aliutwaa ubingwa Roma, Novemba 1970, kwa kumsimamisha Nino Benvenuti mbele ya watu wa kwao Italia. Akautetea mara 14, akastaafu 1977 akiwa bado bingwa. Mapambano yake matatu aliyopoteza yote yalikuwa ya mwanzo, kwa pointi, la mwisho likiwa 1964, na wote watatu waliomshinda aliwapiga baadaye. Ukimtazama, hana mbwembwe. Anausimamisha mkono wa kushoto mbele, anakuweka mbali, konde la kulia linakuja wakati tayari umechoka kuufukuzia mwili wake. Pamoja na hayo, lazima lisemwe wazi: Monzón alihukumiwa kwa mauaji ya mwaka 1988 ya Alicia Muñiz, mama wa mtoto wake. Orodha ya ngumi inapima kazi ya ulingoni, haimsafishi mtu, na sioni sababu ya kulitaja jina lake bila kulitaja la Alicia.

Wa pili, Marvin Hagler. Bingwa tangu 1980 hadi 1987, alitetea mara 12, na hakuwahi kuhama daraja. Alizaliwa, alikua na alimaliza akiwa wa kati. Raundi ya kwanza aliyopigana na Thomas Hearns Las Vegas, Aprili 1985, ni dakika tatu ambazo hakuna aliyerudi nyuma kwa hiari. Hagler alipasuka usoni, na raundi ya tatu mwamuzi alipompeleka kwa daktari aangaliwe, alirudi na kulimaliza pambano palepale. Sisi wa Afrika Mashariki tuna sababu ya kulikumbuka na lile la mwaka uliofuata: Mganda John Mugabi alimpa Hagler kazi nzito hadi raundi ya 11 ndipo akaanguka. Mugabi alifika pale bila kupoteza pambano hata moja. Alipoteza kwa heshima, na ushindi dhidi ya mtu wa aina hiyo ndio unaopandisha jina la mshindi kwenye orodha.

Hapo ndipo kilipo kipimo ninachokiamini kuliko vyote: ulimpiga nani, naye akiwa katika hali gani. Idadi ya mara za kutetea mkanda inavutia macho lakini inadanganya. Bernard Hopkins alitetea mara 20, zaidi ya Monzón na Hagler. Sehemu kubwa ya hizo alikuwa na mkanda wa chama kimoja tu kati ya vyama vya ngumi vinavyotoa ubingwa, wakati mabingwa wengine wa uzito uleule wapo na mikanda yao. Kazi yake inayonishawishi zaidi ni usiku mmoja wa Septemba 2001 alipomsimamisha Felix Trinidad na kukusanya mikanda mikubwa pamoja. Usiku ule una thamani kuliko tetezi nyingi za kabla yake.

Harry Greb wa miaka ya 1920 ananipa shida ya aina nyingine. Alipigana karibu mapambano 300, mengi akiwa na jicho moja linaloona, na ndiye pekee aliyewahi kumshinda Gene Tunney, aliyekuja kuwa bingwa wa uzito wa juu. Hakuna filamu ya pambano lake hata moja iliyobaki. Wapo wanaomweka juu ya wote. Namweka wa tatu kwa sababu ya watu aliowapiga, lakini ushindi dhidi ya Tunney siuhesabu hapa, maana haukuwa wa uzito wa kati.

Waafrika nao wasisahaulike. Dick Tiger wa Nigeria alikuwa bingwa wa dunia wa uzito huu mara mbili, 1962 na 1965, na mwaka 1963 alimpiga Gene Fullmer mjini Ibadan, nyumbani kabisa. Nani mwingine kwenye orodha hii aliyeileta dunia ije Afrika kumtazama?

Kwa Tanzania, Titus Simba alileta medali ya fedha ya uzito wa kati kutoka Michezo ya Jumuiya ya Madola ya Edinburgh mwaka 1970, akifungwa fainali na Mwingereza John Conteh, ambaye baadaye alikuwa bingwa wa dunia wa light heavy, daraja zito kuliko la kati. Ila hizo zilikuwa ngumi za ridhaa, ambako uzito wa kati uliishia kilo 75. Anayemlinganisha Simba na bondia wa kulipwa aitaje tofauti hiyo kwanza. Na Hassan Mwakinyo, anayetajwa kila ubishi huu ukianza? Ushindi wake mkubwa dhidi ya Sam Eggington, Birmingham 2018, ulikuwa wa super welter. Ni wa kujivunia, lakini unaingia kwenye orodha ya pauni 154.

Kijana wa Mbeya, Iringa au Makambako anayetaka kupanga mabondia wa mkoa wake aanze na daftari: tarehe, ukumbi, raundi, na kilo za mabondia wote wawili siku ya kupima. Safu ya kilo ndiyo inayokosekana mara nyingi, na bila hiyo huwezi kujua nani alikuwa wa kati na nani alipangiwa tu mtu wa kupigana naye.