Pasi haikaushi gundi

Wiki hii nimetumiwa tena video ileile, ila fundi ni mwingine. Kaunta ya mapokezi iliyopinda, vinia ya msaji (lile ganda jembamba la mbao linalobandikwa juu) imevimba katikati, na sauti nyuma inasema: "Shikamoo fundi. Nimeipiga pasi mpaka ikaanza kunukia, mbona haishiki? Niongeze moto?"

Marahaba. Usiongeze moto. Moto ndio uliokufikisha hapo.

Sijui nani aliwaambia mafundi wa mji huu wa Tanga kwamba pasi inakausha gundi. Ukienda Ngamiani utaisikia, ukienda Chumbageni utaisikia, na vijana wanarithishana hivyohivyo. Naandika mara hii moja. Atakayeniuliza tena nitamtumia linki.

Gundi nyeupe ya mbao ni vichembe vya plastiki vinavyoelea ndani ya maji. Maji yakiondoka, mengine yakipanda hewani na mengine yakinywewa na mbao, vichembe vinasogeleana na kuungana, vinakuwa utando. Utando huo una tabia ya nta ya mshumaa: ukipata joto unalainika, ukipoa unakaza. Kwa hiyo tunapaka pande zote mbili, ubao na vinia, tunaacha gundi ikauke yenyewe mpaka weupe uondoke na kidole kisinate, ndipo pasi inakuja. Kazi ya pasi ni kulainisha tabaka mbili zilizokwisha kukauka ili ziwe moja. Kushika kunatokea baadaye, zinapopoa.

Sasa wewe umeipaka ikiwa mbichi, ukaifunika na vinia, ukaweka pasi juu. Maji yaliyomo ndani yanageuka mvuke na hayana pa kutokea. Yanainua vinia, unapata malengelenge. Unaona lengelenge, unakandamiza pasi zaidi. Vinia inakauka kupita kiasi, inasinyaa kwa upana, maungio yanaachana. Halafu unasema gundi ni feki. Gundi feki zipo madukani, sibishi, lakini si leo.

Nikiri kwamba imani hii haikuokotwa hewani. Kiwandani, kwenye plaiwudi, wanatumia gundi ya urea-fomaldehidi kwenye mashine yenye sahani za moto, na pale kweli joto ndilo linaloivisha gundi. Ikishaiva hairudi kulainika hata uiwekee pasi mchana kutwa. Aliyepita kiwandani akaona mashine ile, akarudi mtaani na pasi yake akafikiri ni jambo moja. Ni gundi mbili tofauti zenye tabia zinazopingana. Na hizi nyeupe za kisasa zinazoandikwa kuwa hazipitishi maji, nazo zinalainika kwa shida, kwa hiyo kwa kazi ya pasi nunua ile ya kawaida ya bei ya chini. Ni mara chache namwambia mtu hivyo.

Kiasi cha moto: pasi nyingi zina nukta. Moja ni kama nyuzijoto 110, mbili 150, tatu 200. Anza na mbili, panda kidogo ukiona haisikii, weka karatasi ya kaki katikati, na mvuke wa pasi uzime kabisa. Basi.

Linaloniudhi zaidi ni mkono wa pili. Watu wanatazama mkono wenye pasi tu. Kwenye meza iliyonyooka unaweza kuponea, kwa sababu vinia haina sababu ya kuinuka. Kwenye mpindo inayo: nyuzi za mbao zinataka kurudi zilikotoka, na muda ambao gundi imelainika ndio muda ambao haina nguvu ya kuzizuia. Ukipitisha pasi na kuondoka, umeilainisha gundi halafu umeiachia vinia ijiamulie. Mkono wa pili ushike kibao kigumu, kilicholainishwa kingo kwa msasa, kifuate pasi nyuma yake na kukandamiza pale ilipotoka. Kandamiza mpaka ukiweka kiganja usisikie joto. Kisha songa, kipande kidogo kwa kipande kidogo, ukianzia katikati kwenda pembeni. Inachosha bega. Asiyetaka kuchosha bega afanye meza za mraba.

Ukimaliza, pita na ukucha ukigonga taratibu. Penye kushika panatoa mlio mfupi, mzito. Pasiposhika panalia kikavu, pamekaa wazi chini. Zungushia penseli, rudisha pasi hapo, na kibao.

Mwelekeo wa nyuzi nautaja haraka kwa kuwa kila seremala anapaswa kuujua: vinia inakunjika kirahisi nyuzi zikilala sambamba na mhimili wa mpindo. Kwa kaunta iliyosimama, nyuzi zisimame. Mteja akitaka nyuzi zilale zikizunguka mpindo, mwambie bei inapanda, maana hapo unazikunja nyuzi zenyewe, na mpindo ukiwa mkali zinavunjika. Hapo vinia ilainishwe kwanza kwa maji yenye gliserini kidogo (famasi wanayo), kisha ibanwe katikati ya karatasi na mbao bapa, ukibadilisha karatasi mpaka ikauke. Ikauke, nimesema. Vinia iliyobandikwa ikiwa imevimba kwa maji itasinyaa ikiwa tayari imeshikwa, na nyufa utazisoma mteja akiwa amekwisha kulipa, au hajalipa, ambayo ni mbaya zaidi. Kwa sababu hiyohiyo, maungio usiyakate kabla. Pandisha kipande juu ya kipande, piga pasi, ndipo ukate vyote viwili kwa pamoja na wembe, utoe mabaki, upashe tena.

Kuna mambo vitabu vinayasema kwa uhakika ambao mimi sina. Vinasema vinia iliyokatwa kwa kisu ina upande uliokaza na upande uliolegea wenye nyufa ndogondogo, na uliolegea ndio uende kwenye gundi. Ni kweli, lakini kwenye vinia ya nusu milimita mara nyingi naikunja huku na huku na sioni tofauti yoyote, nachagua upande wenye rangi nzuri. Kopo nalo linakupa dakika za kukausha. Dakika hizo hazijui masika ya Tanga. Siku ya mvua, hewa imejaa maji ya bahari, gundi inabaki na utando wa juu tu na chini ni mbichi. Kidole kinadanganyika. Siku hizo nabandika kesho yake.

Na jua pia. Gundi inayolainika kwa pasi, kaunta ikikaa dirishani linalopigwa na jua la alasiri kila siku, inaweza kuteleza polepole kwenye mpindo. Sehemu kama hiyo nakataa pasi. Naweka urea na kalibu na klampu, mteja asubiri.

Mpindo wa ndani, ule uliobonyea, pasi haifiki, inagusa ncha tu. Hapo narudi kwa wazee: mfuko wa turubai wenye mchanga uliopashwa moto. Mchanga unajaa kila mahali penye shimo, unalainisha gundi, unakandamiza kwa uzito wake, na unapoa ukiwa palepale, kwa hiyo huhitaji mkono wa pili. Tanga mchanga haununuliwi, ila ukiuchota ufukweni uoshe vizuri kwa maji baridi ya bomba na uukaushe kwanza. Chumvi huvuta unyevu, na mfuko wenye unyevu utakurudisha kwenye malengelenge.