Nyumba mpya, hewa nzito: dhana potofu kuhusu upitishaji hewa

Ramani ya nyumba huonyesha watu watapita wapi, maji yatapita wapi na nyaya za umeme zitapita wapi. Njia ya hewa mara nyingi haichorwi. Mwenye nyumba huona madirisha yapo, akaamini kazi imekwisha. Fundi naye hujenga alichochorewa. Kasoro hujitokeza familia ikishahamia: watu wanaamka na vichwa vizito, kabati la nguo limeota ukungu mgongoni, harufu ya mapishi ya jana bado imeganda chumbani kwa watoto. Kufikia hapo marekebisho ni kubomoa. Ndiyo maana natamani dhana zifuatazo zivunjwe kabla msingi haujachimbwa.

Dhana: Dirisha likiwa kubwa, chumba kina hewa ya kutosha

Hewa haiingii vizuri mahali ambapo haina pa kutokea. Upepo ukigonga nyumba, ukuta unaoupokea hupata mgandamizo mkubwa, na ukuta wa upande wa pili hupata mgandamizo mdogo. Tofauti hiyo ndiyo inayoisukuma hewa ipite ndani. Chumba chenye dirisha moja tu hakiifaidi tofauti hiyo, kwa kuwa uwazi mmoja unatakiwa uingize na kutoa kwa wakati uleule. Madirisha mawili ya wastani kwenye kuta mbili tofauti hufanya kazi kuliko moja pana la kupendeza.

Ikiwa chumba kina ukuta mmoja tu wa nje, weka uwazi juu ya mlango, na hakikisha korido ambayo hewa hiyo inaingia nayo ina pa kuitolea. Siku zisizo na upepo, kinachosaidia ni tofauti ya kimo: hewa yenye joto hupanda, basi tundu la juu karibu na dari huitoa, na dirisha la chini huleta nyingine mahali pake. Matundu ya juu ya lenta (boriti inayopita juu ya milango na madirisha) ambayo wengi huyaziba siku hizi ili ukuta uonekane safi yaliwekwa kwa sababu hiyo.

Usisahau pia aina ya dirisha. La kuteleza hufunguka nusu tu ya upana wake. Ukiongeza wavu wa mbu, mkondo wa hewa hupungua zaidi. Wavu usiuondoe, ongeza ukubwa wa uwazi kwenye ramani ili kufidia.

Dhana: Kiyoyozi huleta hewa safi

Hii ndiyo dhana inayonisumbua kuliko zote, kwa sababu humfanya mtu afunge kila kitu kwa moyo mweupe. Kiyoyozi cha kawaida cha kubandika ukutani huvuta hewa ya chumba, huipoza, kisha huirudisha chumbani humohumo. Mabomba yanayokwenda kwenye mashine ya nje hubeba gesi ya kupozea na maji yanayodondoka. Hewa kutoka nje haipiti humo hata kidogo. Feni ya dari nayo huizungusha tu iliyomo.

Tufanye hesabu. Mtu mzima aliyelala hutoa takriban lita 13 za hewa ukaa kwa saa. Watu wawili katika chumba cha mita za ujazo 35 hutoa lita 26. Kama chumba kimefungwa kabisa, kiwango cha hewa hiyo hupanda kwa zaidi ya sehemu 700 katika kila milioni, saa baada ya saa. Hewa ya nje ina sehemu 420 hivi. Mwaka 1858 Max von Pettenkofer, mtaalamu wa afya wa mjini Munich, alipendekeza sehemu 1,000 ziwe mpaka wa hewa nzuri ya ndani, na mpaka huo bado unatumika kama kipimo cha haraka. Wanandoa hao wanauvuka kabla saa ya kwanza haijaisha. Katika nyumba halisi upenyo wa chini ya mlango hupunguza kasi hiyo, lakini kukuta sehemu zaidi ya 2,000 alfajiri ni jambo la kawaida.

Kwa kiwango hicho hewa ukaa yenyewe haiui. Inatueleza kwamba mnavuta tena kilichotoka kwenye mapafu ya wenzenu, pamoja na unyevu na vijidudu vyovyote vilivyomo, vikiwemo vya kifua kikuu na mafua.

Je, kiasi gani kinatosha? Kiwango namba 62.2 cha ASHRAE, chama cha Marekani cha wahandisi wa upashaji joto na upoozaji hewa, kinachotumiwa sana, huhesabu lita 0.15 kwa sekunde kwa kila mita ya mraba ya sakafu, kisha huongeza lita 3.5 kwa kila mkazi, na idadi ya wakazi huchukuliwa kuwa vyumba vya kulala pamoja na mmoja. Nyumba ya mita za mraba 100 yenye vyumba vitatu vya kulala inahitaji hivyo lita 29 kila sekunde, mchana na usiku. Anayepanga kulala na kiyoyozi achore mapema tundu dogo lenye chujio la kuingiza hewa chumbani, na feni tulivu ya kutolea hewa upande mwingine wa nyumba.

Dhana: Feni ya bafuni ikivuma, mvuke umetoka

Umetoka umekwenda wapi? Mara nyingi jibu ni: juu ya dari. Feni imefungwa kwenye jipsamu, bomba halikuunganishwa, na mvuke wote unamwagwa kwenye mbao za kenchi. Miaka michache baadaye mbao zinaoza na dari inatoka madoa, kisha lawama zote zinakwenda kwa bati. Bomba lazima litokeze nje kabisa ya paa au ukuta, liwe fupi na lenye kona chache. Kiwango kilekile cha ASHRAE kinataka feni ya bafu itoe angalau lita 25 kwa sekunde inapowashwa, au lita 10 ikiwa inafanya kazi muda wote. Chini ya mlango acha nafasi ya sentimita moja au mbili. Bila hiyo feni inavuta bure.

Dhana: Ukungu ni tatizo la rangi

Kupika, kuoga, kufua na kupumua kwa familia ya watu wanne kunaweza kuingiza hewani hadi lita 10 za maji kwa siku. Maji hayo yasipotoka, hutafuta ukuta wenye ubaridi, na ukungu huanza pale ambapo unyevu wa hewa iliyogusa ukuta unakaa kwenye asilimia 80 au zaidi kwa muda. Ndiyo maana huota nyuma ya kabati lililobanwa kwenye ukuta wa nje, ambapo hewa haizunguki. Rangi ya kuzuia kuvu huficha doa kwa msimu mmoja. Kwanza jua maji yanatoka wapi: kama doa linapanda kutoka sakafuni, huenda karatasi ya kuzuia unyevu kwenye msingi haikuwekwa au imekatika, kama linashuka kutoka juu, paa linavuja, kama liko kwenye kona na nyuma ya fanicha, ni upungufu wa hewa.

Dhana: Gesi inayowaka vizuri haina madhara

Hapa naomba msomaji asipite haraka. Hita ya gesi ya maji ya kuoga iliyofungwa ndani ya bafu dogo, bila bomba la moshi, inaweza kuua mtu anayeoga. Inakula oksijeni ya chumba hicho kidogo, mwako unaharibika, na inazaliwa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayong'ang'ania damu kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni. Mtu huhisi usingizi na ulegevu, kisha anaanguka. Hita ifungwe nje ya nyumba, au iwe ya aina inayovuta hewa na kutoa moshi nje kupitia bomba lake lenyewe. Jiko la mkaa halilazwi chumbani hata likiwa limebaki makaa tu, na jenereta haiwashwi ndani wala barazani, hata madirisha yote yakiwa wazi. Kengele ya kugundua gesi hii iwekwe karibu na vyumba vya kulala.

Jiko la gesi la kupikia nalo hutoa naitrojeni dayoksaidi, ambayo huchokoza mapafu ya wenye pumu. Chembe za mafuta yanayokaangwa hutoka hata kwenye jiko la umeme. Kofia ya jiko, yaani kifaa cha kuvuta moshi kinachofungwa juu ya jiko, ya aina inayochuja na kurudisha hewa jikoni hunasa mafuta, lakini mvuke na sehemu kubwa ya gesi huziacha zikae. Nunua inayotoa nje, yenye nguvu ya angalau lita 50 kwa sekunde, na pikia kwenye plati za nyuma, maana kofia nyingi hukamata vizuri zaidi moshi wa huko.

Dhana: Mimea ya ndani husafisha hewa

Mwaka 1989 NASA ilichapisha utafiti wa mimea ndani ya masanduku yaliyozibwa, na wengi wakadhani sebule ni sanduku. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2019 ulikadiria kwamba ungehitaji kati ya mimea 10 na 1,000 kwa kila mita ya mraba ya sakafu ili kulingana na upitishaji hewa wa kawaida wa jengo. Panda kwa ajili ya uzuri wake.

Dhana: Nyufa huiwezesha nyumba kupumua

Ufa hauchagui. Siku ya upepo mkali hupitisha hewa nyingi kupita kiasi, na usiku mtulivu haupitishi kitu. Tena huvuta kutoka popote palipo karibu: vumbi la dari, moshi wa gari kutoka gereji iliyoungana na nyumba, gesi ya shimo la choo. Ziba nyufa, kisha weka matundu pale ulipoamua wewe.

Dhana: Harufu ya rangi ikiisha, kemikali zimeisha

Pua huzoea, na baadhi ya kemikali hazisikiki kwa viwango vya chini. Gundi ya MDF (ubao wa nyuzi za mbao zilizoshindiliwa), chipubodi na baadhi ya plaiwudi hutoa fomaldehaidi kwa miezi, hata miaka, na hutoa zaidi kukiwa na joto na unyevu. Shirika la kimataifa la utafiti wa saratani, IARC, liliiweka kwenye kundi la visababishi vya saratani kwa binadamu mwaka 2004. Unapoagiza makabati, uliza ubao ni wa daraja gani. E1 ni daraja la Ulaya la utoaji mdogo. Mwambie fundi azibe kingo zote alizokata, zikiwemo za nyuma na za chini zisizoonekana, kwa sababu kwenye kingo zilizo wazi ndiko gesi hutoka kwa wingi. Kisha iache nyumba wazi pande zote kwa wiki kadhaa kabla ya kuingiza vitanda, ukianza na chumba cha mtoto mchanga.