Kutembea peke yako kwenye joto kali ukiwa likizo: maswali mnayouliza sana na majibu yake

Mi ni muuguzi, nimekaa kitengo cha dharura miaka kadhaa, na kila msimu wa likizo ukikaribia maswali ni yaleyale, watu wanasafiri kwenda sehemu zenye jua kali na wanapenda kutoka asubuhi kutembea kwa miguu, wengine kupanda vilima, wengine wanafuata tu njia ya pwani kuangalia mandhari. Sikatazi mtu kutembea, kutembea ni afya. Ila peke yako, kwenye joto kali, sehemu usiyoijua, hapo naomba tuongee vizuri.

Swali: Joto linamuuaje mtu? Si utatoka jasho tu alafu upumzike?

Mwili unataka kukaa kwenye nyuzi 37 hivi. Ukitembea misuli inafanya kazi, na karibu robo tatu ya nguvu unayotumia inageuka kuwa joto ndani yako, kwahiyo hata bila jua we mwenyewe ni jiko linalotembea. Hilo joto lazima litoke. Damu inalibeba mpaka kwenye ngozi, ngozi inalimwaga kwenye hewa, na jasho likikauka linaondoka na joto jingine. Sasa hewa ikishafika nyuzi 35 kwenda juu ngozi haina tena pa kumwagia, hewa nayo ina moto kama we au zaidi, unabaki na jasho peke yake, na kama hewa ina unyevunyevu mwingi jasho halikauki, linachuruzika tu mgongoni bila kukupoza chochote.

Hapo moyo unakimbia kwasababu unatakiwa kupeleka damu kwenye ngozi na kwenye misuli kwa wakati mmoja, na maji mwilini yanapungua, damu nayo inapungua, presha inashuka. Joto la ndani likifika nyuzi 40 na akili ikianza kuvurugika hicho ni kiharusi cha joto. Hapo kila kitu kinaathirika, ubongo, ini, figo, misuli inaanza kuvunjika na takataka zake zinaenda kuziba figo. Mtu anaweza kutoka mzima hotelini na ndani ya saa chache akawa mahututi, na sio lazima awe mgonjwa wala mzee.

Swali: Mi nimezoea joto, nimekulia kwenye jua. Bado inanihusu?

Inakuhusu. Mwili unazoea joto kweli, unajifunza kutoka jasho mapema na kuhifadhi chumvi, ila inachukua wiki moja mpaka mbili za kukaa kwenye hilo joto kila siku, na ukiondoka ukakaa kwenye baridi au ofisini kwenye kiyoyozi ndani ya wiki chache unaanza kuupoteza huo uzoefu. Likizo za wengi ni siku saba au kumi, yaani mwili unaanza kuelewa mambo we unafungasha begi. Siku mbili tatu za kwanza ndo mbaya zaidi na ndo hizohizo watu wana hamu ya kutoka. Kuzoea joto la kukaa kivulini pia si kuzoea joto la kupanda kilima na begi mgongoni.

Swali: Kwanini unasisitiza sana hilo la "peke yako"? Joto si lilelile tukiwa wawili?

Joto ni lilelile. Tofauti ni nani ataliona.

Kitu ambacho joto linachukua mapema ni uamuzi. Kabla hujaanguka, kabla hata hujajisikia unaumwa sana, kichwa kinaanza kufikiri polepole, unakuwa mkali bila sababu au unakuwa huna habari, unajiambia "nafika tu hapo mbele" wakati hapo mbele ni mbali, unapita njia panda bila kuiona. We hujui kama umeharibika kwasababu kile cha kukuambia ndo kilichoharibika. Mwenzako angeona unayumba, unarudia sentensi, uso umeiva, angekwambia kaa chini. Ukiwa peke yako hamna wa kukwambia.

Mi mwenyewe yalinikuta. Nilikuwa likizo, nimetoka peke yangu kupanda kilima, jua limeshakuwa kali nikasema narudi sasa hivi. Nikajikuta nimekaa juu ya jiwe, chupa ya maji mkononi, nazungusha kifuniko hakifunguki, nazungusha, nakasirika, karibu nilie. Akatokea mama mmoja na mtoto wake wanashuka, akanishika mkono akanionyesha kifuniko kiko chini mguuni kwangu, chupa ilikuwa wazi muda wote, nilichokuwa nazungusha ni ile pete inayobaki shingoni mwa chupa. Na mi ndo nafundisha watu dalili za joto. Wasingepita wale watu sijui ningeamka na kutembea kwenda upande gani.

Wengi mtamkumbuka Michael Mosley, yule daktari na mtangazaji wa Uingereza aliyekuwa akielimisha watu mambo ya afya. Mchana wa tarehe 5 Juni 2024 kwenye kisiwa cha Symi, Ugiriki, alimwacha mkewe ufukweni akaondoka peke yake kwa miguu, ana miaka 67, siku ya joto kali, na simu alikuwa ameiacha walikofikia. Mwili wake ulipatikana tarehe 9, kwenye mteremko wa mawe karibu kabisa na ufukwe wenye watu. Mchunguzi wa vifo Uingereza alisema baadaye chanzo hakikuweza kuthibitishwa, yawezekana ni kiharusi cha joto au ugonjwa ambao haukugundulika, kwahiyo tusimsemee zaidi ya hapo. Ila mwezi huohuo huko Ugiriki watalii wengine kadhaa walipotea au walikutwa wamefariki baada ya kutoka kutembea kwenye joto, na serikali ikawa inafunga Akropoli ya Athens, yale magofu ya kale juu ya kilima yanayopendwa na watalii, masaa ya mchana. Kinachoniuma kwenye hiyo habari ya Symi ni ule ukaribu, alikuwa karibu na watu na hamna aliyejua.

Swali: Nikibeba maji ya kutosha nitakuwa salama si ndio?

Maji ni lazima lakini hayatoshi. Ukitembea kwenye joto kali unaweza kutoa jasho lita moja kwa saa na hata zaidi, sasa piga hesabu, matembezi ya masaa matatu na kachupa ka nusu lita unaenda wapi? Kunywa kidogokidogo, glasi moja kila dakika 15 au 20, usisubiri kiu maana kiu inachelewa na kwa wazee inachelewa zaidi. Alafu usipite lita moja na nusu kwa saa. Kuna watu wanakunywa maji matupu mengi mno masaa mengi mfululizo, chumvi kwenye damu inashuka, wanaanza kutapika na kuchanganyikiwa, na mtu akiwaona anafikiri wamepungukiwa maji anawaongezea. Ukitembea muda mrefu kula kitu chenye chumvi au beba pakiti ya ORS, ule unga wa chumvi na sukari wa kuchanganya na maji.

Ila elewa kwamba unaweza ukawa umekunywa vizuri kabisa, mkojo mweupe, na bado ukapata kiharusi cha joto, kwasababu tatizo ni joto linaloingia na kuzalishwa haraka kuliko linavyotoka. Dawa ya hapo ni kivuli na kuacha kutembea.

Pombe ya jana usiku nayo ihesabu. Umelala umepungukiwa maji na usingizi mbovu alafu asubuhi unapanda mlima.

Swali: Muda gani ni mbaya zaidi kutoka?

Watu wengi wanaogopa saa sita tu. Jua linakuwa kali zaidi kati ya saa tano asubuhi na saa tisa alasiri, ila joto la hewa mara nyingi linafika kileleni saa tisa mpaka saa kumi na moja, kwasababu ardhi na mawe yamekula jua tangu asubuhi na sasa yanalirudisha. Kwahiyo yule anayesema "nasubiri saa tisa nianze" anaingia palepale pabaya. Toka alfajiri na uwe umerudi kabla ya saa nne, au subiri jua lizame vizuri.

Alafu ile namba unayoisoma kwenye simu, nyuzi 38 sijui 40, imepimwa kivulini. We unatembea juani, kati ya mawe yanayochoma, sehemu upepo haufiki, mwili wako unapokea zaidi ya hiyo namba.

Swali: Natumia dawa za presha, inabadilisha chochote?

Inabadilisha sana na watu hawaambiwi. Zile dawa za presha zinazokufanya ukojoe mara kwa mara zinatoa maji mwilini, zile za kupunguza mapigo zinazuia moyo kukimbia pale unapotakiwa kukimbia. Baadhi ya dawa za aleji na mafua zinapunguza jasho, baadhi ya dawa za sonona na magonjwa ya akili zinavuruga mwili kujipoza. Usiache dawa kwa kusoma hapa tafadhali, nenda kaongee na daktari wako kabla ya safari umwambie naenda sehemu yenye joto na napenda kutembea. Wenye kisukari, ugonjwa wa moyo au figo, wajawazito, waliovuka miaka 65, na yeyote aliyetoka kuharisha au kuwa na homa siku hizo, hao wasitoke peke yao kabisa kwenye joto kali.

Swali: Nikiwa peke yangu nikaanza kujisikia vibaya nifanyeje?

Dalili za mwanzo ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, misuli ya miguu au tumbo kukaza, uchovu usio wa kawaida, jasho jingi. Ukiona hata moja simama hapohapo, usijiambie nimalizie. Tafuta kivuli chochote, hata cha ukuta au jiwe kubwa, kaa, vua kofia, vua begi na viatu, lowesha kichwa, shingo na nguo, maji mengine kunywa. Na piga simu mapema, ukiwa bado unaweza kuongea vizuri, hata kama unaona aibu kumsumbua mtu. Nchi zote za Umoja wa Ulaya namba ya dharura ni 112, sehemu nyingine iulize siku unayofika uiandike.

Usikate njia ya mkato kushuka. Watu wakichanganyikiwa wanaona nyumba au bahari kule chini wanaacha njia, na wanaowatafuta wanawatafuta njiani.

Swali: Nikimkuta mtu ameanguka au anaongea hovyo?

Hiyo ni dharura, usisubiri uone kama atapata nafuu. Piga simu, na huku unasubiri anza kumpoza, hapo ndipo maisha yanapookolewa, lengo ni kushusha joto ndani ya nusu saa. Mtoe juani, mvue nguo za juu, mmwagie maji mwili mzima na umpepee kwa nguvu kwa kofia, kanga, ramani, chochote. Kama kuna barafu weka shingoni, kwapani na kwenye kinena. Kama kuna bwawa au beseni la maji ya baridi mzamishe mpaka kifuani huku mmemshika kichwa, msimwache hata sekunde. Endeleeni mpaka msaada ufike.

Akiwa amechanganyikiwa au hajitambui usimpe kitu chochote mdomoni, atapaliwa. Akiwa anapumua ila hajitambui mlaze ubavu. Na usimpe panadol wala aspirini, hii sio homa, hazishushi joto hili na zinaweza kuongeza madhara kwenye ini au damu.

Na tafadhali, ile ya "bado anatoka jasho kwahiyo sio kiharusi cha joto" isahauni. Aliyepigwa na joto akiwa anatembea mara nyingi ngozi yake bado imelowa. Angalia akili yake. Muulize jina, muulize leo siku gani, amefikia wapi. Akikosea au akikukasirikia bila sababu anza kumwaga maji.

Swali: Mi nasafiri peke yangu, sina wa kutembea naye. Nisitoke?

Toka, ila maamuzi yafanye kabla ya kutoka, ukiwa bado umepoa, kwasababu ukiwa kule juu hautaamua vizuri. Chagua njia fupi yenye kivuli na watu wanaopita. Panga saa ya kugeuka, tuseme saa mbili na nusu asubuhi, weka alamu, ikilia unageuka hata kama kilele unakiona kwa macho. Simu ijae chaji na iwe mwilini sio kwenye begi. Mwachie mtu wa mapokezi au ndugu nyumbani ujumbe wenye vitu vitatu: napita njia hii, nimevaa hivi, saa nne nisipokutafuta nitafuteni. Hicho cha mwisho ndo wengi hawaandiki. Wanasema "natoka kidogo" na kidogo haina saa.

Swali: Na mi niliyebaki, mwenzangu akichelewa nisubiri mpaka lini?

Muda mliokubaliana ukipita, mpigie. Asipopokea, piga tena baada ya dakika chache na waulize watu wa hotelini au waliopita njia hiyo. Joto likiwa kali usipitishe nusu saa, piga namba ya dharura, waambie ameondoka saa ngapi, kutokea wapi, anaelekea wapi, nguo rangi gani, ana maji kiasi gani, anatumia dawa gani. Akitokea kabla hawajaondoka utawapigia kuwaambia amefika, hawatakugombeza. Na usikimbie kumtafuta peke yako kwenye hilohilo jua, watawatafuta wawili.