Je, wajua kwa nini saketi mbili huongea kwa mwanga badala ya waya?

Ukitumia bodi ya Arduino (kompyuta ndogo unayoipangia programu) kuendesha mota ya volti 12, huenda bodi ikawa inajizima na kuanza upya kila mota inapowashwa au kuzimwa. Wengi hukimbilia kukagua programu, ilhali chanzo mara nyingi ni waya wa hasi.

Mkondo wa mota ni mkubwa, na waya wowote una ukinzani, hata kama ni mdogo. Mkondo huo ukipita kwenye waya wa hasi ambao bodi nayo inautegemea, sifuri ya bodi hupanda na kushuka, na bodi hupima kila kitu kuanzia kwenye sifuri hiyo. Isitoshe, mkondo wa koili iliyo ndani ya mota ukikatwa ghafla, koili huzua volti kubwa ya kinyume. Diodi, kifaa kinachopitisha mkondo upande mmoja tu, huidhibiti hiyo, lakini haiondoi tatizo la hasi ya pamoja.

Hapo ndipo optokapla inapoingia. Ile maarufu, PC817, ina miguu minne tu. Ndani yake kuna LED ya infraredi na transista inayoitikia mwanga wake. Pini ya bodi huwasha LED, mwanga huifanya transista ipitishe mkondo, na amri inafika bila elektroni hata moja kuvuka. Kizuizi cha katikati kimetengenezwa kustahimili volti 5,000 za AC kwa dakika moja.

LED hiyo hula takriban volti 1.2. Kwa pini ya volti 5 na rezista ya omu 330, mkondo ni kama miliampea 11, ambao pini ya Arduino Uno R3 inaumudu bila shida. Upande wa pili, transista haibebi zaidi ya miliampea 50, kwa hiyo iachie kazi ya kuamrisha mosfeti (transista ya kubeba mkondo mkubwa), na mosfeti ndiyo iendeshe mota.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo faida yote hupotea: usiunganishe hasi za pande mbili! Bodi nyingi za rilei (swichi zinazoendeshwa kwa umeme) zinazouzwa madukani zina optokapla, lakini huja na jampa, yaani kiunganishi kidogo cha kuchomoa, inayounganisha VCC (umeme wa upande wa amri) na JD-VCC (umeme wa rilei). Ukiiacha, rilei na Arduino zinakula umeme mmoja, na optokapla haitenganishi chochote. Itoe. Rilei ipewe chanzo chake tofauti cha umeme, kiende JD-VCC na GND (hasi), na kutoka Arduino peleka VCC na waya wa amri tu.

Vinanda vya umeme vimetumia njia hii tangu kiwango cha MIDI, cha kuunganisha vyombo vya muziki vya kielektroniki, kilipotoka mwaka 1983: kila tundu la kupokea lina optokapla, ili mzunguko wa hasi kati ya vyombo usilete mngurumo kwenye spika. Ila MIDI hupeleka biti 31,250 kwa sekunde, kasi ambayo PC817 huhangaika nayo. Kwa kazi hiyo mafundi huchagua 6N138, optokapla yenye kasi zaidi.