Baiti moja, anwani nyingi: rejista za segimenti

Juzi kijana ninayemfundisha hapa Sinza aliniletea programu yake ya kuwashia kompyuta, ile sekta ya baiti 512 inayosomwa kwanza kabisa kwenye diski. Kwenye laptopu yake, ndani ya programu inayoigiza mashine, iliandika "Karibu" bila shida. Tukaijaribu kwenye mashine ya zamani, kioo kikajaa alama zisizosomeka. "Kaka, mbona programu ni ileile?" Ni ileile kweli. Kilichobadilika ni DS, mojawapo ya rejista, yaani vihifadhi vidogo vya namba ndani ya prosesa; hii huonyesha data inaanzia wapi.

Mwaka 1978 Intel ilitoa prosesa ya 8086. Rejista zake ni za biti 16, kwa hiyo namba kubwa kabisa inayoingia humo ni 65,535. Lakini nyaya zake za anwani ni 20, zinazofikia baiti 1,048,576. Ili kufika huko, anwani hutengenezwa kwa namba mbili: segimenti, yaani pa kuanzia, na ofseti, yaani umbali kutoka hapo. Prosesa huzidisha segimenti kwa 16, kisha hujumlisha ofseti. Ukiandika namba kwa msingi wa 16, kuzidisha huko ni kuongeza sifuri mwishoni tu: 07C0 inakuwa 7C00.

Wengi hudhani segimenti ni chumba chenye kuta. Sivyo. Segimenti mpya huanza kila baada ya baiti 16, na kila moja ina urefu wa baiti 65,536, kwa hiyo zinalaliana. Ni kama kumwelekeza mgeni anayetoka mjini kwa Barabara ya Morogoro: unaweza kumwambia ashuke Magomeni Mapipa atembee sana, au ashuke Usalama atembee kidogo. Nyumba ni hiyohiyo. Ndivyo 0000:7C00 na 07C0:0000 (segimenti kwanza, kisha ofseti) zinavyofika kwenye baiti moja.

Cha kuangalia ni kituo, yaani rejista ya segimenti inayotumika. Ikichukua amri, prosesa huanzia CS. Ikisoma data, kwa kawaida DS. Kwenye staki, yaani eneo la kumbukumbu la kuwekea vitu kwa muda, SS. Na ES ni ya ziada. Kijana alichukulia kwamba DS ni 0000, na kwenye laptopu ndivyo ilivyokuwa. Ile mashine ya zamani ilimwachia 0040. Neno lake liko ofseti 7C25. Jumlisha 0400 (ni 0040 iliyoongezewa sifuri mwishoni) na 7C25, unapata 8025: prosesa imepita neno kwa baiti 1,024 na kusoma chochote ilichokikuta huko.

Dawa ni mistari miwili mwanzoni kabisa:

xor ax, ax
mov ds, ax

Wa kwanza unaifanya rejista AX kuwa sifuri, wa pili unainakili kwenye DS. AX imo kwa sababu DS haipokei namba moja kwa moja. Lazima itoke kwenye rejista nyingine au kwenye kumbukumbu. Akaandika, tukawasha upya, "Karibu" ikatokea.

Kuta zilikuja na 80286, mwaka 1982. Katika hali yake ya ulinzi, namba iliyo kwenye DS haizidishwi tena. Inaonyesha mstari wa jedwali lenye mwanzo wa segimenti, ukomo wake na ruhusa zake. 80386 ya 1985 ikaongeza FS na GS. Leo kwenye hali ya biti 64, CS, DS, ES na SS zote huhesabiwa kuanzia sifuri, ila FS na GS bado zinafanya kazi: kwenye Linux, programu hutumia FS kufikia data ya kila uzi, yaani kila mfululizo wa amri unaoendeshwa ndani ya programu.

Jumamosi tunaendelea na SS, maana nayo hakuiweka.