Kabla ya kununua balasti ya zenoni, soma kwanza kioo cha taa yako

Kila msimu wa ukaguzi wa magari ukifika, mezani kwetu huletwa swali lilelile lililobadili nguo tu: "Nichukue balasti ya wati 35 au ya wati 55?" Balasti ni kisanduku kinachoilisha umeme globu ya zenoni, yaani globu ya gesi isiyo na uzi. Mara nyingi muulizaji ameshanunua globu, ameshakubaliana na fundi, na upande mmoja wa gari umeshafungwa. Anachotafuta kwetu ni baraka. Kazi yetu wakaguzi ni kutoa cheti au kukinyima, kwa hiyo ni heri tuzungumze kabla pesa haijatoka mfukoni.

Tuanze na kioo cha taa. Kwenye magari yaliyotengenezwa kwa kufuata kanuni za Umoja wa Mataifa, kioo huwa na herufi ndogo karibu na alama ya E iliyozungushiwa duara. HC ni dimu (mwanga wa chini) ya halojeni, ile globu ya kawaida yenye uzi; HR ni fulu (mwanga wa mbali) ya halojeni, HCR ni zote mbili. Taa iliyobuniwa kwa zenoni huanza na D: DC, DR au DCR. Ukikuta H, swali la balasti limekwisha hapo. Hakuna balasti, ya bei yoyote ile, itakayoigeuza taa hiyo kuwa ya zenoni.

Sababu yake haihusu urasimu. Rifleta, yaani kikombe kinachoakisi mwanga ndani ya taa, ya halojeni imechorwa kwa kuzunguka uzi mmoja mdogo ulionyooka, uliokaa mahali panapojulikana kwa vipimo vya chini ya milimita moja. Zenoni haina uzi. Ina tao la umeme lililopinda kidogo kwenda juu, na mgawanyo wake wa mwanga ni tofauti. Globu ya halojeni ya H7 hutoa takriban lumeni 1,500 (lumeni ni kipimo cha wingi wa mwanga), ilhali ya zenoni ya D2S hutoa takriban 3,200. Ukiweka mwanga maradufu mahali pasipo pake, unaozidi hurukia juu, kwenye macho ya anayekuja. Dereva mwenyewe huona barabara nyeupe karibu na bampa na kudhani amefaidika, kumbe mbali, anakopaswa kuona, huenda hajaongeza chochote.

"Lakini taa yangu ina projekta," yaani ile lenzi ya duara mbele ya globu. Tunalisikia hili kila siku. Projekta ya halojeni ni projekta ya halojeni. Soma kioo.

Sasa tubaki na wenye herufi D, ambao kwao kuchagua balasti ni jambo halali na la lazima, kwa sababu balasti huharibika. Chomoa globu usome aina yake kwenye kitako. D1S na D2S hufanya kazi kwa takriban volti 85. D3S na D4S, zisizo na zebaki, kwa takriban volti 42. Zote ni za wati 35, kwa hiyo zile za volti 42 huhitaji mkondo karibu mara mbili. Balasti ya D2S haiwezi kuiendesha D4S ipasavyo hata kama plagi imeingia. D1 na D3 zina kiwashio ndani ya kitako. D2 na D4 hutegemea kiwashio cha nje. S ni ya projekta, R ni ya rifleta na ina rangi ya kuzuia mwanga kwenye kioo chake. Vitako vimetofautishwa makusudi ili visiingiliane, na bado tunaletewa vilivyopigwa tupa mpaka vikaingia. Ndugu, aliyeweka kile kipingo hakuwa mchoyo.

Ikiwa balasti ya kiwandani imekufa, tafuta yenye namba ileile ya kipuri. Ukilazimika kununua ya kampuni nyingine, hakikisha inatoa mkondo mbadala, yaani unaogeuka mamia ya mara kwa sekunde. Zipo za bei rahisi zinazotoa mkondo wa moja kwa moja. Hizo hula elektrodi (ncha ya umeme ndani ya globu) ya upande mmoja na kumaliza globu mapema. Balasti nzuri hupiga mpigo wa zaidi ya volti 20,000 kuwasha, hulisha globu kwa nguvu kubwa sekunde chache za mwanzo ili ipate moto, kisha hushuka na kushikilia wati 35, hata volti ya betri ikipanda au kushuka. Kazi hiyo ya kushikilia ndiyo unayoilipia.

Wati 55? Globu ya wati 35 ikilishwa 55 hupata joto ambalo haikuundiwa, rangi yake hubadilika, umri wake hupungua, na ngozi ya rifleta huanza kuungua. Kuhusu kelvini, kipimo cha rangi ya mwanga, hiyo ni sifa ya globu, huichagui kwa balasti. Globu za kiwandani huwa karibu na kelvini 4,300. Kadiri rangi inavyosogea kwenye bluu ndivyo lumeni zinavyopungua, hata kama jirani anakusifia.

Neno kuhusu balasti zinazouzwa kwa jina la kanibasi, yaani mtandao wa kompyuta za gari. Kompyuta ya gari la halojeni hupima mkondo wa globu; halojeni ya wati 55 huvuta zaidi ya ampea 4, balasti ikishatulia huvuta kama 3, kompyuta ikadhani globu imekatika na kuwasha onyo kwenye dashibodi. Balasti hizo huongezewa vifaa vya kuidanganya kompyuta. Mwenye taa ya D ya kiwandani hana haja nazo. Na fyuzi ikikatika usiweke kubwa zaidi, tafuta kilichoikata.

Hapa kuna dhana moja inayotuchosha kuliko zote. Mtu anatuonyesha balasti yenye alama ya E na kusema imeidhinishwa. Tazama namba iliyo pembeni. Ikiwa ni 10 ikifuatiwa na R, hiyo ni Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 10, inayohusu usumbufu wa sumakuumeme: kwamba kifaa hakitavuruga redio wala vifaa vingine vya umeme vya gari. Haisemi lolote kuhusu taa. Globu za zenoni zina Kanuni namba 99 na taa zake zina namba 98, na alama moja haiazimi uhalali wa nyingine.

Kwenye ukaguzi wenyewe tunafuata mpangilio huu. Tunasoma kioo, kisha tunalinganisha na aina ya globu. Tunawasha dimu na kutazama mstari wa mwanga kwenye kipimo, kama umekatika vizuri na umeinama inavyotakiwa. Mwinamo wa asilimia 1 ni sentimita 10 kwa kila mita 10. Halafu tunaangalia kama taa inajirekebisha kimo yenyewe na kama ina kisafishio, kwa sababu Kanuni namba 48 inavidai vyote viwili dimu inapotumia chanzo kinachozidi lumeni 2,000. Ndiyo maana watengenezaji walileta D5S na D8S za wati 25, zenye lumeni 2,000: haziuvuki mstari huo.

Matokeo hutegemea sheria ya nchi husika, ila mwelekeo ni mmoja. Uingereza, tangu Januari 2021, mwongozo wa ukaguzi unamtaka mkaguzi aikatae taa ya gari ya halojeni iliyogeuzwa ya zenoni, hata kama imelenga vizuri. Marekani, mamlaka ya usalama barabarani inashikilia kwamba vifurushi vya kugeuza halojeni kuwa zenoni haviwezi kukidhi kiwango chake cha taa za magari, namba 108, na sheria ya shirikisho inawakataza wauzaji wa magari na karakana kulifanya gari liache kukidhi kiwango. Fundi anayekwambia "mimi nafunga tu" naye yumo. Gari likikataliwa, ondoa balasti, globu na nyaya zote, rudisha halojeni ya aina iliyoandikwa, pima upya mlengo, ndipo urudi. Kuchomoa globu getini na kuacha balasti imening'inia nyuma ya taa hakutusaidii sisi wala wewe.

Kabla ya kuilaumu balasti, zima gari, acha taa zipoe, badilisha globu za kushoto na kulia bila kushika kioo kwa vidole. Tatizo likihama na globu, globu ndiyo imechoka. Rangi ya waridi au zambarau ni dalili yake ya kawaida. Likibaki upande uleule, fungua balasti utazame kama maji yameingia, hasa zile zinazokaa chini ya taa. Waya wa volti kubwa usiukate wala kuuunga. Globu za D1 na D2 zina zebaki, kwa hiyo zipeleke panapopokelewa taka hatari.

Ukija kwetu kuuliza, njoo na picha tatu: kioo cha taa, kitako cha globu, na kibandiko cha balasti ya zamani. Bila hizo tutakurudisha ukazipige.